Slaidi Zilizotoka Safi Mno

Nimestaafu. Acheni kucheka. Jumatatu, mbele ya mstari wa asubuhi, nilimkabidhi kiranja mpya wa maji ufunguo wa stoo, madodoki mawili na brashi ambayo nywele zake zimekimbia kazi. Nikapigiwa makofi ya kulazimishwa, nikarudi nyuma kusimama na raia wengine. Toka kidato cha pili mpaka juzi nimekuwa kwenye hii kazi. Kiuno kinauma, kucha zimekwisha, na mtihani wa taifa unanisubiri kama mjomba aliyeficha fimbo nyuma ya mgongo. Kama huko siko kustaafu, basi niambieni kustaafu kukoje. Hata pensheni ninayo: sketi yenye harufu ya klorini isiyotoka.

Kwa hiyo ninyi wa kamati ya maji mnaobaki, kaeni chini niwaambie, maana hakuna atakayewaambia. Walimu watawaambia muwe waaminifu, wachapakazi na wenye nidhamu. Sawa. Mimi nawaambia muwe watu wa kushuku. Shukuni maji, shukuni ndoo, shukuni kifuniko cha ndoo. Mtu akikuletea maji ya Korogwe yanang'aa kama ya tangazo, usiseme ahsante kwanza. Muulize ameyatoa wapi.

Maji machafu hayana shida, jamani. Mvua zikinyesha huko milimani, bomba letu linaleta chai ya maziwa, na hakuna mjinga wa kuinywa. Maji machafu yanajitangaza yenyewe. Shida ni haya masafi yaliyokaa kwenye chombo kinachoteleza.

Nilijifunza hilo kwa Kaka Rama, kiranja aliyenitangulia, mtu aliyefundisha kwa matusi mepesi. Wiki yangu ya kwanza alinipa tangi jeusi la plastiki lile la nyuma ya jiko, akasema nilisafishe. Nikalisugua nje mpaka ukitazama unaona uso wako na chunusi zake zote. Nikamwita. Akalizunguka tangi taratibu, akaingiza mkono kwa juu, akautoa, akanipaka shavuni kitu cha baridi kinachovutika kama kamasi.

"Hawa," akaniita kwa jina, "wewe umemwogesha tembo mgongo, halafu unataka nikupongeze kwa meno yake?"

Ule ndio ukoga. Mnaujua, hata kwenye meno yenu upo, nawaona kutoka hapa. Kaka Rama alinifundisha kuupima. Ncha ya kidole haifai, maana ncha ya kidole ni mwongo, hasa ikiwa imelowa. Kwangua kwa kucha, kisha tazama kilichobaki chini ya kucha. Kikiwa kitupu, sawa. Kukiwa na kitu, hata kidogo, vua viatu uingie tangini.

Zamani hizo, namaanisha kidato cha pili, njia yetu ilikuwa majivu, mchanga wa mtoni na dodoki. Kisha vikaja vidonge vya klorini, na kamati nzima ikawa na furaha ya wavivu: tupa vidonge, nenda kalale. Wiki haijaisha, ukoga umerudi na ndugu zake. Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Ule ukoga ni mji. Bakteria wanaoelea ni wapita njia, hao klorini inawamaliza mapema. Ila waliokwisha kujishikiza ukutani wanatoa ute wao, wanajifunika, wanakaa chini ya blanketi wakisikiliza klorini ikipita juu. Wataalamu wanauita utando. Usiposugua, unawaua wapita njia na wenye mji wanabaki. Sugua kwanza, klorini baadaye. Andikeni hilo, maana ndilo pekee la maana katika nusu ya kwanza ya maneno yangu.

Nusu ya pili inamhusu Dada Nasra.

Alitokea siku moja getini, ameshika boksi la barafu kama la muuza aiskrimu, na bahati mbaya hakuwa na aiskrimu. Alisoma hapahapa shuleni kwetu, kwao ni Mpale, na sasa alikuwa anafanya utafiti kwenye chuo kimoja huko pwani. Mwalimu wetu wa baiolojia alimleta mpaka stoo, akatuacha naye. Tulikuwa mimi na naibu wangu, Shabani, kijana mrefu, mpole, mtu wa upande wa Handeni, anayeongea kama kila neno lina kodi.

"Shikamoo Dada," tukasema.

"Marahaba. Nani kiranja wa maji?"

"Inategemea anatafutwa kwa jambo gani," nikamjibu.

Akacheka, akafungua boksi. Ndani mlikuwa na kichupa cha rangi ya kahawia, hakina lebo, kimeandikwa namba tu kwa kalamu ya risasi. Nikarudi nyuma hatua moja. Kitu kisicho na lebo kwenye stoo ya maji ni adui, hata kikiletwa na malaika.

"Humu kuna nini, Dada?"

"Kemikali iliyotengenezwa na bakteria wa baharini."

"Dada Nasra," nikasema kwa heshima zote, "sisi hapa tunapigana na bakteria toka asubuhi mpaka jioni. Wewe unatuongezea wengine kwenye boksi?"

Hakukasirika. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatuuliza kama tumewahi kumwona sifongo wa baharini. Shabani aliwahi, kwenye kitabu. Akasema yule ni mnyama, amekaa juu ya mwamba maisha yake yote, hatembei, hana mkono wa kujikuna. Na baharini kila kitu kinachokaa tuli kinavamiwa: jiwe, nguzo, tumbo la boti, vyote vinashika utelezi. Lakini ngozi za baadhi ya sifongo zinabaki safi. Ukichunguza, unakuta kwenye ngozi hiyo wanaishi bakteria wanaotoa vitu vya kuwazuia wenzao wasijishikize.

"Yaani ni wapangaji," nikasema. "Wanamlinda mwenye nyumba ili wasikose chumba."

"Wapangaji wenye nidhamu, eeh."

"Wanawaua wenzao?" Shabani akauliza. Kwa kawaida Shabani haulizi.

"Wengine wanaua. Hiki nilichonacho, kwa kiasi ninachopaka, sioni kama kinaua. Nadhani kinavuruga mawasiliano. Bakteria wanapeana taarifa kwa kemikali. Wakijua wamekuwa wengi, ndipo wanaanza kujenga utando. Ukiwavurugia taarifa, kila mmoja anajiona yuko peke yake."

"Kama kuzima kundi la darasa kwenye simu," nikasema. "Mgomo unakufa kabla haujaanza."

"Nadhani," akarudia. Hilo neno alilitumia sana, na mimi nikaliweka kwenye orodha ya vitu vya kushuku. Nilikuwa sijamjua bado.

Akataka nini kwetu? Ndoo tatu za maji ya tangi letu, kona ya stoo, na watu wa kuzilinda. Maji yale hayanywi mtu. Katika kila ndoo tutaning'iniza slaidi, vile vioo vyembamba vya hadubini, kwa uzi, kila ndoo na rangi yake. Uzi mwekundu ni slaidi zilizochovywa kwenye dawa ya kichupa. Uzi mweusi zimechovywa kwenye spiriti tupu. Uzi mweupe hazikupakwa chochote. Ukoga ukishajijenga, tunazisuuza taratibu, tunazipaka ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni, tunasuuza tena. Palipo na utando, zambarau inang'ang'ania. Pasipo na utando, inaondoka.

"Na hizo za spiriti za nini?" nikauliza.

"Dawa nimeiyeyusha kwenye spiriti. Ukoga usiposhika, nitajuaje kama ni dawa au ni spiriti?"

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kidogo. Mtu anayejishuku mwenyewe kabla hujamshuku wewe anakupunguzia kazi.

Shule nayo ikafanya kazi yake. Kabla ya kengele ya mchana ilikuwa imeshajulikana kwamba yule dada ni Freemason, kwamba anatafuta damu za watu wa kundi O, na kwamba atakayekunywa maji ya tangi ataota magamba shingoni. Hiyo ya magamba chanzo chake sitakitaja, ila ni mtu mcheshi sana.

Sasa niwaambie kuhusu Shabani, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Alilelewa na bibi yake huko Sindeni. Bibi ana kisukari, na kwenye mguu wa kulia alikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Anapakwa dawa, anameza dawa, kidonda kinamtazama tu. Hospitali walimweleza Shabani kwamba kidonda kimeshika utando, bakteria wamejifunika ndani yake, kwa hiyo dawa inapita juu. Wakasema kinatakiwa kusafishwa kila kliniki, na kisipobadilika itabidi wazungumze habari ya kukata. Bibi alisikia neno moja tu katika hayo yote. Toka siku ile akakataa kliniki. Alisema watu wanaenda kule wakiwa wazima, wanarudi wafupi.

Mnaona sasa Shabani alisikia nini Dada Nasra aliposema "utando".

Nami nilimwona akisikia. Nikaanza kumshuku palepale. Kila jioni tulipokwenda kutazama ndoo, yeye hatazami ndoo, anatazama rafu ya juu, kilipokuwa kile kichupa. Dada Nasra alikuwa analala kwa ndugu zake mjini, na kichupa alikiacha stoo kwa ajili ya kuchovyea slaidi za awamu ya pili.

"Dada," Shabani alimuuliza siku moja, "hii ikipakwa kwenye ngozi?"

"Haipakwi kwenye ngozi."

"Ikipakwa kwa bahati mbaya?"

"Shabani, hii si dawa ya mtu. Ni kitu cha kujaribiwa kwenye kioo. Kutoka kwenye kioo mpaka kwenye mtu ni safari ndefu, na vingi vinafia njiani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Aliyesema "nimekuelewa" haraka namna ile hajaelewa, au ameelewa vizuri sana. Nikaufunga ufunguo wa stoo kwenye mkanda wa sketi, nikalala nao.

Ila kuna siku moja ambayo ufunguo haukusaidii kitu: Ijumaa. Mnajua ukaguzi wetu ulivyo. Mwalimu wa zamu anapita kila chumba, anaingiza kidole kwenye kila ndoo, na milango yote inatakiwa iwe wazi toka asubuhi, kwa sababu mlango uliofungwa unahesabiwa kuwa mchafu. Kwa hiyo Ijumaa ile niliifungua stoo kama desturi, nikaenda kuhangaika na tangi la nyuma ya jiko. Ukaguzi ukapita, stoo ikalalamikiwa kama kawaida. Mchana, baada ya swala, Dada Nasra akaja na dawa yake ya zambarau.

Akaanza na uzi mweupe. Zambarau tupu, nzito, kama mtu amemwaga juisi ya zambarau zenyewe. Uzi mweusi: vilevile, labda pungufu kidogo. Kisha akachovya slaidi za uzi mwekundu, akasuuza, akainua.

Kioo kilikuwa kitupu. Nikisema kitupu, namaanisha ungeweza kukivaa kama miwani. Ya pili hivyohivyo. Zote.

Shabani akapiga kofi moja, akashika kichwa. "Imekubali! Hawa, imekubali!"

Mimi pia nilirukaruka kidogo, nisijifanye. Kisha nikamtazama Dada Nasra, na yeye alikuwa amekunja uso kama aliyeng'ata limau.

"Dada, hufurahi?"

"Safi mno," akasema.

"Si ndiyo ulichokitaka?"

"Maabara kwetu, mahali ambapo hata vumbi linaomba ruhusa, slaidi hazijawahi kutoka hivi. Zinatoka na zambarau kidogo. Hapa, kwenye ndoo ya shule, hamna hata doa? Nani aliingia humu?"

Ufunguo ulikuwa kwenye mkanda wangu. Katika watu watatu, mshukiwa namba moja nilikuwa mimi, na nilijikuta nimeanza kujieleza kabla sijaulizwa, jambo ambalo ndilo wanalofanya wezi wote.

"Sitasema chochote leo," Dada Nasra akakata. "Ziacheni zikauke. Kesho nakuja na lenzi."

Shabani akabeba vitu kuvirudisha rafuni. Kumbukeni hapo.

Jumamosi asubuhi niliwahi shule, maana usiku kucha nilikuwa nimemshuku kila mtu, akiwemo mama yangu mzazi. Nikatoa slaidi za uzi mwekundu nje, nikazielekeza kwenye jua. Kioo cha hadubini kikioga maji tu kinabaki laini. Hivi vilikuwa na mikwaruzo myembamba, ya mviringo, kama ya sufuria iliyosuguliwa na mtu mwenye hasira. Na kwenye fundo la uzi mmoja palikuwa na unywele mrefu, mgumu, mweupe. Nikauvuta. Katani.

Madodoki yangu hayana katani. Shuleni kwetu mtu mwenye brashi ya katani ni mmoja tu, aliyotengenezewa na babu yake aliyefanya kazi mashambani: Yustina, kiranja wa usafi. Mmemwona Yustina. Ni yule anayeweza kufagia mchanga mpaka mchanga ukaomba radhi. Nikamkuta bwenini anakunja shuka.

"Yustina, jana uliingia stoo kwangu?"

"Niliingia. Kwani?"

"Ukafanya nini?"

"Nikakuokoa." Akaendelea kukunja. "Mwalimu wa zamu alikuwa ameshafika jikoni, nikachungulia stoo, naona ndoo ya yule dada ina utelezi, na vioo vyake vimeota ukoga. Nikavitoa, nikavisugua kwa mchanga, nikabadilisha maji, nikavirudisha kama vilivyokuwa."

"Ulisugua vya uzi mwekundu tu?"

"Si ndivyo vyenye dawa yake? Zile ndoo nyingine mbili ni za shule tu, hazina dawa. Aibu ya zile ni yako, umeizoea. Lakini yule ni mgeni, Hawa! Mgeni amekuja kuonyesha dawa yake, mwalimu aingize kidole akute ukoga? Ningemwacha aaibike?"

Nilikaa kitandani pake. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumpiga na mto wake uliopigwa pasi. Dunia nzima mtu anaharibu utafiti kwa uvivu au kwa hongo. Kwetu unaharibiwa kwa heshima ya mgeni.

"Vilikuwa na ukoga?" nikamuuliza. "Vya uzi mwekundu? Kabla hujasugua?"

"Vilikuwa nao. Ila mwembamba. Ulitoka kirahisi."

Nikarudi stoo mbio kumwandikia Dada Nasra ujumbe, na hapo ndipo nilipotazama rafu ya juu. Boksi lipo. Kichupa hakipo.

Sikuhitaji lenzi. Basi la Handeni linaondoka Korogwe asubuhi, na Shabani alikuwa ameaga kwamba anaenda kumwona Bibi. Nikachukua slaidi moja, nikarudi bwenini, nikamvuta Yustina mkono, na brashi yake.

"Mimi sijaoga!" akapiga kelele.

"Leo utanuka kama sisi wengine."

Tulipakia bodaboda moja wote wawili, mishikaki, Yustina katikati akiwa ameinua brashi juu kama bendera. Bodaboda akauliza kama tunaenda kwenye ugomvi. Nikamwambia inategemea.

Stendi tulimkuta Shabani ameshakaa dirishani, begi mapajani, mikono yote miwili juu ya begi. Muuza mayai alikuwa anambembeleza anunue yai, hamsikii.

"Shabani, shuka."

"Hawa, niache."

"Slaidi zilisuguliwa. Yustina alizisugua. Ile dawa haikufanya vile ulivyoona."

Akanitazama, na naapa sijawahi kutazamwa vile. Mimi ndiye niliyemwambia tukiwa kidato cha kwanza kwamba maharage ya shule yanahesabiwa na mwalimu mkuu. Mimi ndiye mtu wa magamba. "Wewe ni wa kuamini?" akasema. "Umemfundisha aseme."

Hiyo nayo iandikeni. Utani una bei yake: siku unayosema ukweli wa maana, watu wanasubiri sehemu ya kuchekea.

Yustina ndiye aliyeongea. Alisimama chini ya dirisha, hajaoga, amekasirika, kwa sababu kwake ilikuwa kama anatuhumiwa kwa uchafu. "Hakuna aliyenifundisha. Nilizisugua kwa mchanga na hii brashi, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Shika, tazama kwenye jua." Akampa slaidi kupitia dirishani. "Mikwaruzo hiyo ni yangu. Zilikuwa na ukoga, Shabani. Nimeuona."

Shabani akaigeuza slaidi huku na huku. Mikwaruzo ilikuwa inawaka juani, miduara midogo midogo. Akaendelea kuigeuza hata baada ya kuwa ameshaona.

"Mnashuka au mnapanda?" konda akapiga bati. "Tunaondoka!"

"Kliniki ni Jumanne," Shabani akasema, akiwa haniangalii. "Hataki kwenda. Nilitaka kumwambia, Bibi, hii ipo, huhitaji kwenda kule. Sasa nitamwambia nini?"

Nilikuwa na utani wa kila aina mfukoni toka darasa la tano, na hapo nilipapasa nikakuta mfuko mtupu.

"Mwambie umekuja kumpeleka," nikasema. "Basi."

Akafungua begi. Kichupa alikuwa amekifunga kwenye kanzu yake ya Idi. Akanipa, basi likaondoka naye, na Yustina akasema angalau mkono wake ulikuwa msafi.

Dada Nasra nilimkuta stoo ameshafika, ameshika lenzi. Nilimweleza yote kwa mpangilio ambao haumpendezi yeyote kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kichupa, akakitazama kwenye mwanga kuona kama kimepungua, akakitia kwenye mkoba wake mwenyewe, na toka siku ile kichupa hakikulala tena shuleni.

"Unajua kilichojaa humu?" akaniuliza. "Karibu chote ni spiriti. Ingemchoma yule bibi kabla bakteria hawajapata habari. Na kosa langu ni kubwa kuliko la Shabani. Nilikiacha karibu na mtu mwenye shida, nikadhani kumwambia 'haipakwi' inatosha."

Kisha akaomba aonyeshwe Yustina. Nikadhani atamfokea. Akamuuliza tu: ukoga ulikuwa mwembamba kiasi gani, ulitoka kwa kusugua mara moja au mara nyingi, na zile ndoo nyingine aliziona? Yustina akajibu kama yuko mahakamani. Mwishoni Dada Nasra akamshukuru kwa kutotaka aaibike, halafu akamwomba awe mlinzi wa ndoo awamu ya pili. Yustina akaiandikia stoo sheria zake mwenyewe, na mwalimu wa zamu akazuiwa mlangoni, kidole chake kikiwa hewani.

Shabani alimpeleka Bibi kliniki. Jinsi alivyomshawishi sijui. Anasema alikaa naye jikoni, akamwambia alitaka kumletea dawa ya wizi, na Bibi akatukana kwa Kizigua mpaka kuku wakatoka nje, kisha akatafuta kanga ya kwendea. Nesi alikisafisha kile kidonda, akakwangua utando kidogo kidogo, akamfundisha Shabani kukifunga. Na wakarudi tena, na tena. Kidole kimoja cha mguu waliondoka nacho. Mguu upo. Bibi anasema kidole hicho hata hivyo kilikuwa na tabia ya kujikwaa.

Awamu ya pili ya slaidi tuliipaka rangi wote wanne. Uzi mweupe ulitoka zambarau nzito. Uzi mweusi, karibu vilevile. Uzi mwekundu ukatoka na zambarau iliyopauka, kama shati la shule lililofuliwa muda mrefu. Ukoga ulikuwepo, ila haba. Kilikuwa kitu kidogo mno, mtu wa haraka asingekiona. Na Dada Nasra, aliyekunja uso kwenye vioo vitupu, safari hii alitabasamu mpaka nikaona magego.

Mimi nilikuwa bado nashuku, kwa hiyo nikakwangua kwa kucha. Kidogo kikabaki. Kidogo kuliko kule kwenye uzi mweupe.

Shabani akaichukua slaidi ile iliyopauka, akaishika kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "kwa mtu kama Bibi, ni lini?"

"Sijui."

"Mwakani?"

"Sijui, Shabani. Inawezekana isifike kwake kabisa. Nisingependa umwambie vingine."

Akairudisha slaidi mezani taratibu. "Nitamwambia hivyohivyo."

Na alimwambia. Bibi, mtu asiyemwamini daktari, wala mganga, wala mimi niliyempelekea machungwa, aliposikia kwamba kuna binti wa Mpale amesoma mpaka chini ya bahari na bado anasema hajui, aliutazama mguu wake. Kisha akasema huyo ndiye aletwe, aje auone mguu.